Jiwe Langu Kwenye Foleni ya Kaka

Newala, usiku wa kuamkia safari yako

Rashidi mwanangu,

Salamu imenishinda. Nimeingia dukani kwa mlango wa nyuma, nimekaa hapa kwenye kaunta, taa ya chemli pembeni, nikataka kuanza kama watu wote wanavyoanza barua, kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nikacheka peke yangu. U mbali gani, na kukoroma kwako nakusikia kupitia ukutani? Nikasema basi nianze na maamkizi, na hapo ndipo nilipokwama kabisa. Nani amwamkie mwenzake kati yetu sisi wawili? Mimi nilikuzaa, kwa hiyo shikamoo ni yangu kuipokea. Lakini tangu arobaini ya mjomba wako umevaa jina lake. Wewe ndiye Chinguile, na Chinguile ni kaka yangu mkubwa, ambaye sikuwahi kumpita asubuhi bila kumwamkia. Nikikuandikia "mwanangu" wazee watasema nimelivunjia jina heshima. Nikikuandikia "kaka" nitajiona kichaa, maana soksi zako nimezifua mwenyewe leo mchana. Basi salamu tumeziruka. Utachagua mwenyewe unayoitaka.

Mambo ya safari siyaandiki. Tranka limefungwa, chandarua kimo, na habari ya kutokula chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi nimeisema mpaka ukaniomba nipumzike. Ninaloandika ni lile la jana. Jana jioni nilikuuliza duka tulifanyeje, ukanijibu huku unapiga rangi viatu, "Mama, amueni nyie wakubwa. Mimi nakwenda shule." Nikaenda jikoni kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Wakubwa gani, Rashidi? Mwenye duka ni wewe. Mimi nimechanganyikiwa, na sisemi hivyo kama watu wanavyosema wakiunguza wali. Nimechanganyikiwa kwelikweli, kiasi kwamba leo nimemtilia mteja mafuta ya taa kwenye chupa ya mafuta ya kula, akanirudishia kwa upole. Nimeona niyaandike yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, labda yakikaa kwenye mstari yatanyooka. Nikimaliza nitaitia barua ndani ya kiatu ulichokipiga rangi, ili uisome kabla hujanywa chai. Usipoisoma utavaa kiatu kinachobana.

Duka hili kaka hakulijenga. Lilijengwa na Mhindi mmoja kabla mimi sijapata akili, hapa pembeni ambapo njia ya Mkunya inaingia mjini, ili mtu anayetoka shamba alikute kabla hajayafikia maduka mengine. Kaka alikuja kama fundi, akapewa nafasi barazani aweke cherehani yake. Kidogo kidogo Mhindi akawa anamwita ndani amwangalizie mizani akienda kula, mara amfungulie asubuhi, mara amfungie jioni. Watoto wa Mhindi walikwenda zao Ulaya, na yeye uzeeni akawafuata. Siku anaondoka alimpa kaka ufunguo huo huo unaolala nao wewe, wenye shingo ndefu, wakaandikishana kwa karani, kisha wakakaa barazani wakalia wote wawili, wanaume wazima. Mimi sikuwapo. Nilisimuliwa na kaka, naye hapo kwenye kulia alikuwa anapageuza. Siku nyingine aliyelia alikuwa Mhindi peke yake.

Mimi nilikuja baadaye, nimeachika, wewe mgongoni. Kaka hakuniuliza kitu. Hakuuliza nimegombania nini na baba yako, wala nitakaa mpaka lini. Alisogeza gunia la chumvi, akasema, "Somoe, keti hapo. Mtoto mlaze kwenye majora." Ukalala juu ya khaki ya sare za shule, ukaikojolea, ikauzwa hivyo hivyo. Ndivyo nilivyoanza kazi. Hakuna siku niliyoandikwa kazi hapa, na hakuna siku niliyoambiwa duka ni letu sote. Niliketi nilipoambiwa niketi, na nimeketi hapo mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya kukosa. Sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya taa, vyote kwa mgao. Habari ikivuma kwamba lori linapanda mlima kutoka Masasi, watu walikuwa wanakuja kupanga foleni kabla lori halijafika. Sasa mtu hawezi kukesha barazani wakati nyumbani kuna watoto na maji hayajatekwa, na maji ya huku juu unayajua, kuteremka bondeni na kupanda tena kunakula nusu ya siku yako. Kwa hiyo watu waliweka mawe. Unaweka jiwe lako kwenye foleni, unakwenda zako bondeni na ndoo kichwani, ukirudi unasimama pale lilipo. Wengine waliweka kigae cha chungu, mguu mmoja wa kandambili, hata gunzi. Asubuhi nikitoa mbao za mlango nilikuwa nakuta baraza nzima ina foleni ndefu na hakuna mtu hata mmoja.

Kwenye maduka mengine wenye nguvu waliyapiga mawe teke. Kwa kaka hakuna aliyethubutu. Aliyajua yote. Alikuwa akipita na kalamu sikioni, anayaonyesha kwa kidole. "Hili jekundu la Mama Zuhura, yuko bondeni, mpimie umwekee. Hili limechongoka la yule mwalimu. Hili la nani? Halina mtu, lisogeze pembeni lisubiri." Jiwe lilihudumiwa kama mtu. Sabuni ilikuja kwa miche, na miche haikuwahi kutosha, basi kaka aliikata kwa waya mwembamba aliofunga vijiti viwili huku na huku. Aliuvuta taratibu, kipande kikatoka kimenyooka, na kila jiwe likapata chake. Chengachenga zilizoanguka alizikusanya kwenye kopo, wakija wakunga anawapa wakaogeshee watoto wachanga. Ndiyo maana mpaka leo watu wanaita hapa Kwa Mawe. Ninyi vijana mnadhani ni kwa sababu ya msingi wa nyumba.

Halafu ikaja ruksa. Ninyi mmeikuta, hamjui ilivyotuingia kichwani. Jana mtu alikuwa anakamatwa kwa kuwa na sukari nyingi ndani, leo anaambiwa leta, panga, uza. Malori yalipanda mlima yamejaa ndoo za plastiki, mitumba, redio, mafuta ya nywele yenye picha za wanawake wasiofanana na mtu yeyote wa Newala. Mimi nikalewa. Ndilo neno lenyewe. Nilimwambia kaka, sasa tumepona, mambo ya kukatakata yamekwisha, watu watachukua vitu vizima. Nilitaka tuandike na ubao, kila duka lilikuwa linaandikwa ubao. Kaka akasema, "Watu wanalijua." Basi ubao nikauacha, lakini rafu zilikuwa zangu. Nilipanga miche ya sabuni mizima mizima mpaka juu, nikawa narudi nyuma kuitazama. Waya nikautia kwenye droo ya chini kabisa.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Mkunya, Bi Esha. Asubuhi moja natoa mbao, baraza nyeupe, foleni hakuna, ila pale mlangoni kabisa kuna jiwe moja limekaa peke yake. Na mwenyewe amekaa chini ya upenu wa nyumba ya pili, miguu ameikunja, ananitazama.

"Bibi, unapanga foleni na nani?" nikamwuliza.

"Nangu nimezoea," akasema. Kimakonde hakikumwacha yule bibi, hata kwenye Kiswahili yeye alikuwa nangu, hakuwa mimi. "Nimeweka langu, nisije nikapitwa."

"Upitwe na nani? Sasa ruksa, bibi. Vimejaa. Chukua mche mzima!"

"Nikatie kadogo tu, ka kufulia kanga."

"Hatukati tena."

Walikuwapo watu wawili wananunua viberiti, wakacheka. Mimi nikacheka kuwazidi, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nimesema. Bi Esha alitazama sabuni zangu kuanzia chini mpaka juu, akasema, "Haya. Vimejaa kweli," akageuka, akashika njia. Jiwe akaliacha. Hakurudi tena. Nilikuja kumwona ng'ambo ya barabara, kwa yule kijana aliyefungua kibanda cha mabati, akikatiwa sabuni kwa kisu kibovu, kipande kimepinda kama ulimi, na watu wamejaa.

Kaka hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliliokota lile jiwe, akaliweka juu ya kaunta karibu na mizani, likakaa hapo. Liko hapa hata sasa, limekandamiza karatasi ninayoandika. Siku nyingine nilidhani ananisuta. Siku nyingine nikadhani kaliweka tu, mtu ameona jiwe zuri. Baada ya wiki chache niliutoa waya nikaanza kukata tena, na yeye akanisogezea kopo la chengachenga, basi. Kosa la sabuni watu wote wanalijua, na wengine bado wananitania nalo. Kosa langu kubwa ni kwamba sikumuuliza. Miaka yote ile chini ya paa moja, na kitu chenye uzito sikuwahi kumuuliza kaka yangu. Tuliulizana chumvi imebaki kiasi gani.

Wateja wengine walirudi, wengine hawakurudi, na duka likawa linapungua. Sijui mpaka leo kama nililipunguza mimi au ilikuwa lazima lipungue. Hassani, mtoto wa kwanza wa kaka, anasema ni biashara huria tu, kila upenu una duka, hata angekuwa malaika nyuma ya kaunta. Nikimsikiliza naona ni kweli. Nikikaa peke yangu naiona baraza nyeupe na jiwe moja. Vyote viwili vinakaa ndani yangu kwa wakati mmoja na havigombani, na hicho ndicho kinachonichosha.

Kaka alipougua nilikaa naye nikimnywesha uji, kila siku nikisema leo atasema. Alisema mengi. Alisema cherehani apewe nani, na mbuzi, na kwamba ubao wa mlango wa upande wa kushoto umeliwa na mchwa ubadilishwe. Duka hakulitaja. Labda aliona halina haja ya kutajwa, kwa kuwa kwetu kila mtu anajua mali ya mwanamume inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Labda alijua moyo wangu, akaona nami najua wake. Labda hakunifikiria kabisa, nilikuwa sehemu ya duka kama mizani. Nimezigeuza hizo labda mpaka zimechakaa.

Unaikumbuka arobaini. Shehe alisema ya dini, kwamba mali ni ya watoto wa marehemu. Karani wa mahakama alisema ya serikali, ambayo wala sikuielewa. Wazee wakasema ya kwetu, jina likishavaliwa mali hulifuata. Nilikaa jikoni na wanawake nikiwasikiliza wote, na kila aliyesema niliona kasema sawa. Hassani angeweza kusimama na shehe. Ni mtu mzima, ana kazi yake Mtwara, na jambo lingekwisha pale pale. Akasema, "Mvisheni jina. Neno la mwenye jina nitalifuata."

Ukavishwa kanzu ya mjomba wako, ikakumeza. Ukafungwa ufunguo shingoni. Hassani na ndevu zake akaja mbele yako, akainama, "Shikamoo, baba," nawe ukaitika marahaba kwa kisauti cha mtu aliyekabwa na muhogo. Watu walitaka kucheka, wakaona machozi ya Hassani, wakaacha. Halafu shangazi mmoja akanisukuma mgongoni. "Mwamkie kaka yako, Somoe." Nikakuamkia. Ukatazama pembeni. Usiku ule ulikataa kula, na mimi nilijifanya sikuona kwamba umekataa.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nakuja kugonga mlangoni kwako, "Naomba ufunguo," mkono unatoka ndani ya chandarua, macho yamefumba. Jioni nakurudishia. Wewe unaona ni mchezo wa wazee. Duka umelifungua mara moja tu, siku nilipokuwa na homa, na jioni mbao ukazipanga kinyume zikakwama, tukawatoa watu kwa mlango wa nyuma.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni.

Wazee hawakuwa wamekufikiria wewe. Walimtaka mtoto wa dada yetu wa Lupaso, yule mkubwa, mwenye mke na shamba la mikorosho. Ni mimi niliyezunguka nyumba kwa nyumba nikisema Rashidi. Nilisema unafanana na marehemu, unatembea kama yeye. Uongo mtupu, unatembea kama baba yako. Nilisema unalipenda duka. Wewe! Nilitaka duka mimi, Rashidi. Kwa yule wa Lupaso lingekwenda na kaunta na kila kitu, na mimi ningebaki mgeni kwenye gunia la chumvi. Na kwa sababu kwetu mali hupitia kwa mwanamke bila kutua kwake, nikakutanguliza wewe. Nilifanya kile tulichofanya wote miaka ile. Niliweka jiwe langu kwenye foleni, nikaenda zangu kuteka maji, nikijua nafasi yangu ipo. Jiwe lenyewe ni mtoto wangu. Sikufikiria kwamba jiwe linaweza kupata barua ya chuo.

Ilipofika ile barua kutoka Morogoro nilifurahi, nakuapia, nilipiga vigelegele mpaka yule kijana wa ng'ambo akatoka kutazama. Mjomba wako alipima chumvi, wewe unakwenda kusomea kupima ardhi, nani asingefurahi? Usiku nikalia. Kwa nini nililia sikujua, na sasa najua nusu tu. Nililia kwa sababu unaondoka. Nililia pia kwa sababu unaondoka na ufunguo. Nisingependa ujue ni kipi nilikililia zaidi, na bahati nzuri mimi mwenyewe sijui.

Hassani amempata mtu, mnunuzi wa korosho kutoka Dar, anataka kulikodi duka liwe ghala. Watatoa kaunta, watatoa rafu, watapanga magunia mpaka kwenye dari. Usimchukie Hassani. Wakati tunaanika maturubai ya msiba aliniambia, "Shangazi, baba alilijua jiwe la kila mtu Newala. Mimi alikuwa ananichanganya na mdogo wangu." Kwa hiyo haoni duka, anaona kitu kilichomnyang'anya baba. Ana haki. Na mama yake, ambaye amerudi kwa ndugu zake Lisekese, naye ana haki ya kula jasho la mumewe. Nimeshawaambia kwamba kila msimu chao nitawapelekea mkononi, wakasema sawa, shangazi, lakini hilo si letu wala si lako, tumngoje mwenye jina.

Basi kesho Hassani anakuja stendi kukuaga, na wazee wawili atakuja nao. Atakuuliza mbele yao, "Baba, duka tulifanyeje?" Nawe utasema kama ulivyoniambia mimi, amueni nyie, mimi nakwenda shule. Hilo litakuwa neno. Watalifuata. Kabla gari lako halijafika Masasi mtu wa korosho atakuwa anapima mlango. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo nimeshika kikapu chako cha mihogo ya kuchoma, na sitaweza kufungua mdomo, maana mama wa mwenye jina hana sauti kwenye mali ya jina.

Usiniulize duka nalitakia nini. Wateja siku hizi nawamaliza kabla ya chai ya saa nne. Labda ni ukaidi. Labda nataka kumrudisha Bi Esha, naye alikwisha kufa. Juzi alikuja mjukuu wake, kabinti kadogo, akaomba kipande cha kufulia. Nikamkatia kikubwa kuliko alichoomba, akanitazama kama anayetazama mwizi, akakimbia nacho. Nilifurahi siku nzima kama mjinga. Ninachojua ni kwamba nikishika waya ule na kuuvuta kwenye sabuni, kichwa changu kinatulia, na hakitulii mahali pengine popote. Naogopa kukaa mahali ambapo sina cha kukata.

Na ninakuogopea wewe, ndiyo maana nimekueleza hata yanayoniaibisha. Wewe una tabia yangu. Ukitaka kitu unazunguka. Ulipotaka viatu ulinisifia kanga yangu wiki nzima. Ulipotaka kusoma huko mbali ulimtuma mwalimu aje aniambie, ukajificha nyuma ya pipa la maji. Mimi nimezunguka hivyo maisha yangu yote. Nilimzunguka kaka, nikawazunguka wazee, nikapitia kwako, na nimefika na mvi zangu mahali ambapo sijui kama niliwahi kumwambia mtu yeyote, kwa kinywa changu, nataka hiki. Leo nasema. Nalitaka duka.

Ukiona Hassani ana haki kunizidi, sema hivyo, na useme wazi, usikwepeshe macho. Nitalia, nitanuna, halafu nitaanza kukaanga vitumbua pale stendi, na ukirudi likizo nitakuuzia kwa bei ya wageni. Hutapungukiwa na mama.

Lakini kama utakubali, fanya hivi. Hassani akikuuliza, vua ufunguo shingoni. Usiniite mama, maana mama hapewi kitu na jina hilo. Niite kwa sauti, kama kaka alivyokuwa akiniita kutoka barazani lori likitokeza: "Somoe! Dada yangu!" Kisha sema, duka ni lako, keti. Hakuna mtu mwingine chini ya jua anayeweza kunitamkia neno hilo kwa kinywa cha kaka yangu. Nimelingoja tangu siku aliyosogeza lile gunia la chumvi. Nitakuamkia mbele ya watu wote, shikamoo kaka, na hakuna atakayenisukuma mgongoni.

Halafu panda gari, uende. Jina utakwenda nalo, hilo haliwezi kuvuliwa, lakini jiwe langu naliokota. Huna tena nafasi ya mtu ya kushikilia. Ukishakaa, chungulia dirishani uniite mama. Hata kama gari limeshaondoka, wewe ita tu. Nitasikia.

Mama yako,
Somoe